Matundu matano yanalingana, lakini rimu haikai: ofseti kwenye Mercedes ya zamani

Swali la msomaji: Fundi, nina Mercedes W123, 230E ya mwaka 1983, bado iko na rimu zake za inchi 14 na matairi ya 195/70R14. Jamaa ananiuzia rimu nne za aloi za inchi 17 zilizotolewa kwenye C-Class ya W204, na matairi yake ya 225/45R17. Nimezijaribu: matundu matano yanalingana, na tundu la katikati linaingia kwenye habu bila kucheza. Muuzaji anasema Mercedes ni Mercedes. Lakini nyuma ya rimu zake pameandikwa 7½Jx17 ET47, na zangu zimeandikwa 6Jx14 ET30. Hiyo ET ni nini? Nifunge au nisifunge?

Usizifunge, ndugu yangu, na kama hela haijatoka mfukoni, iache humo humo. Rimu zenyewe ni nzuri, na kwenye gari zilikotoka hazina kasoro yoyote. Ila umefanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: umegeuza rimu ukasoma mgongo wake. Namba ile ndogo uliyoiona hapo ndiyo inayoamua gurudumu litakaa wapi chini ya gari lako, na matundu matano hayakuambii chochote kuhusu hilo.

ET ni kifupi cha neno la Kijerumani, Einpresstiefe. Kwenye gereji tunaiita ofseti. Chukua rimu ukiwa umeisimamisha, uione kwa ubavu, kisha fikiria mstari unaoipasua upana wake katikati kabisa, nusu upande wa barabara na nusu upande wa gari. Halafu tafuta ule uso bapa wa nyuma unaogusana na habu, yaani kile kitovu cha gari kinachobeba gurudumu, pale bolti zinapokaza. Umbali kati ya mstari ule wa kati na uso huu bapa, kwa milimita, ndio ET. Uso ukiwa umesogea upande wa nje, ET ni chanya, na magari mengi ya abiria yako hivyo.

Hapa ndipo watu wanapojichanganya, kwa hiyo soma taratibu. ET ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani ya gari. ET ikiwa ndogo, gurudumu linatoka nje. Wengi wanaishika kinyume, kwa sababu akili inadhani namba kubwa ni kujitokeza zaidi. Habu yako haihami. Uso bapa ukiwa karibu na sura ya rimu, mwili wote uliobaki unalazimika kwenda nyuma ya habu, yaani kuelekea kwenye sasipensheni.

Sasa tupige hesabu ya gari lako, maana bila hesabu tutabaki kubishana kwa macho.

Rimu yako ina upana wa inchi 6, sawa na milimita 152.4. Nusu yake ni 76.2. Upande wa ndani inafika 76.2 kujumlisha 30, yaani milimita 106.2 kutoka kwenye habu. Upande wa nje inafika 76.2 kutoa 30, yaani 46.2. Rimu ya W204 ina inchi 7.5, milimita 190.5, nusu yake 95.25. Ndani: 95.25 kujumlisha 47, unapata 142.25. Nje: 95.25 kutoa 47, unapata 48.25.

Weka namba hizo pamoja. Upande wa nje rimu mpya imesogea milimita 2 tu. Upande wa ndani imesogea milimita 36.

Ndiyo maana rimu hizi zinadanganya. Ukizifunga ukarudi nyuma hatua kumi kuliangalia gari, utaliona limekaa vizuri kabisa, hakuna kilichotokeza, fenda imeifunika tairi kwa adabu. Na ukubwa wa tairi nao unakubali: 195/70R14 ina kipenyo cha karibu milimita 629, na 225/45R17 karibu milimita 634, tofauti isiyofika asilimia moja, hata spidomita haitalalamika. Kila unachoweza kukiona kinakwambia sawa. Zile milimita 36 ziko mahali usipopaona mpaka uingie chini ya gari na tochi.

Niliwahi kuletewa gari la aina hii hii, limefungwa rimu za namna hii mahali pengine, na mwenyewe anasema linanuka mpira likipita kwenye kona kali. Nililipandisha kwenye jeki, nikalizungusha tairi la mbele kushoto kwa mkono. Kwenye ubavu wake wa ndani kulikuwa na mfereji umezunguka tairi zima, mweusi unaong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na kucha yangu ilizama ndani yake. Nyuzi za tairi zilikuwa zimeanza kuonekana kwa urefu wa kidole. Kwa nje tairi lile lilikuwa jipya, vinyweleo vya kiwandani bado vimesimama. Mwenye gari alikuwa amebeba watoto wake humo siku hiyo hiyo. Tangu siku ile sikubali tena kumwambia mtu "jaribu, ukiona inagusa utatoa". Ubavu wa ndani wa tairi hauonekani, na ukikatika gari likiwa kwenye mwendo hakuna muda wa kutoa kitu.

Tukiacha kugusana, kuna usukani. Fikiria mstari unaopita kwenye bolijointi ya juu na ya chini ya gurudumu la mbele, ukashuka mpaka ardhini. Mstari huo ndio mhimili ambao gurudumu linageukia unapokata kona. Umbali kati ya pale unapogusa ardhi na katikati ya alama ya tairi barabarani ni kitu waliotengeneza gari walikipanga kwa makusudi. Kwenye W123 walikipanga kiwe karibu na sifuri, ndiyo maana usukani wa gari hilo unatulia hata upande mmoja wa breki ukikamata kuliko mwingine, au tairi moja likipita kwenye mchanga. Ukitoka ET30 kwenda ET47 umeihamisha katikati ya tairi milimita 17 kuelekea ndani. Gari litaendeshwa, sikatai. Lakini tabia ya usukani siyo ile tena, na huwezi kuirudisha kwa alaimenti, kwa sababu alaimenti hairekebishi ofseti.

Ukienda upande wa pili, ET ndogo mno, unalipa kwenye beringi. Habu ya mbele ya gari lako ina beringi mbili, ya ndani kubwa na ya nje ndogo, na uzito umepangwa uangukie zaidi ile kubwa. Kila milimita unayolitoa gurudumu nje unauhamishia uzito ule beringi ndogo. Milimita chache si neno. Ila nimeona watu wakitoa gurudumu milimita 40 kwa ajili ya muonekano, halafu wakashangaa beringi za gari lililozeeka na kutunzwa vizuri zinaanza kuvuma.

Bolti sasa, na hapa naomba usinipite haraka, maana nikipewa nichague kosa moja la kumzuia mtu asilifanye, ningechagua hili hata kabla ya ofseti. Gari lako linatumia bolti za M12x1.5, yaani unene wa milimita 12 na uzi wa milimita 1.5 kwa kila mzunguko, zenye kichwa cha mviringo kama nusu ya gololi, kipimo tunachokiita R12. W204 inatumia M14x1.5, na kikalio cha mviringo kwenye rimu zake ni R14. Kwa hiyo matundu "yanalingana" kwa maana ya mpangilio wake, 5x112 kwa zote mbili, yaani matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 112, na tundu la katikati ni lile lile la milimita 66.6. Lakini bolti yako nyembamba itakaa kwenye tundu pana, na kichwa chake cha R12 kitagusa kikalio cha R14 kwenye ukanda mwembamba tu badala ya kulala chote. Utaikaza, spana itakubali, utasikia imebana. Baada ya siku kadhaa za joto na mtikisiko ukanda ule mwembamba utakuwa umejichimbia, na bolti itakuwa imelegea bila mtu kuigusa. Na usije ukashawishika kupekecha habu ili iingie M14. Habu ile haina nyama ya kuchezea.

Najua swali linalofuata, kwa sababu kila mtu huliuliza: je, nikiweka spesa, ile sahani ya chuma inayokaa kati ya habu na rimu? Spesa ya milimita 17 itairudisha ET47 kuwa ET30, hesabu ni kweli. Lakini upana wa rimu haupungui. Utakuwa na rimu ya inchi 7.5 yenye ET30, maana yake imezidi ya kwako milimita 19 ndani na milimita 19 nje. Umeuhamishia ugomvi nusu kwenye sasipensheni na nusu kwenye fenda, na bado tatizo la bolti liko pale pale, tena zinahitaji kuwa ndefu zaidi. Sizikatai spesa zote. Spesa nzuri, iliyochongwa ishike habu katikati kwa kipimo cha gari, ikafungwa na bolti za urefu sahihi, ni kitu halali cha kurekebisha milimita chache. Ninachokataa ni kuitumia kulazimisha rimu isiyo ya gari hilo. Na zile spesa za bati zenye matundu mengi, zinazosemwa zinaingia gari lolote, hizo zitupe.

Basi utafute nini? Ushauri wangu kwa W123 ni inchi 15, upana wa inchi 6.5 au 7, ET kati ya 25 na 35. Mfano ulio karibu nawe ni rimu za 7Jx15 ET25 zilizokuja na W126, Mercedes ile kubwa ya wakati huo huo. Zinatumia 5x112, tundu la katikati ni lile lile, na bolti ni M12. Tupige hesabu: nusu ya inchi 7 ni milimita 88.9. Ndani, 88.9 kujumlisha 25 ni 113.9, imezidi ya kwako milimita 8 hivi. Nje, 88.9 kutoa 25 ni 63.9, imezidi karibu milimita 18. Hapo ndani kuna nafasi ya kutosha kwenye gari ambalo halijagongwa. Kazi yako itakuwa kuangalia fenda za nyuma, hasa ukibeba watu watatu na mizigo. Ukipata rimu ya 7J yenye ET30, inagawana sawasawa, milimita 12.7 kila upande, na mimi ningeichukua hiyo kwa moyo mweupe.

Tairi lake liwe 205/60R15. Kipenyo chake ni milimita 627, karibu sawa kabisa na la sasa. Angalia pia namba ya uzito: 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615, na usishuke chini ya namba iliyoandikwa kwenye matairi uliyonayo. Kumbuka tu kwamba tairi hupanuka rimu ikiwa pana, kama milimita 5 kwa kila nusu inchi, kwa hiyo usipime rimu peke yake ukasahau mpira.

Kama unataka inchi 17 kwa sababu ya sura, nakuelewa, gari ni lako. Lakini gari lile lilisanifiwa kutembea juu ya ukuta mrefu wa tairi, na ule utulivu wake barabarani sehemu kubwa inatoka hapo. Kwenye inchi 15 unabaki nao. Kwenye 17 bushi zako za miaka arobaini zitaanza kukuhadithia kila jiwe.

Kabla ya kununua rimu yoyote, hata hiyo niliyoitaja, pima gari lako mwenyewe. Usitegemee orodha wala neno la muuzaji. Gari la umri huo huenda limeshanyooshwa fenda, springi zimekaa chini, au bushi zimeisha na gurudumu halipo tena pale lilipokuwa siku lilipotoka kiwandani. Vitu vya kupimia unavyo nyumbani: rula ya chuma, ubao mfupi ulionyooka, na bonge la udongo laini wa kuchezea watoto, ule usiokauka.

Anza na rimu unayotaka kuinunua. Ilaze kifudifudi juu ya blanketi, mgongo juu. Weka ubao ukatishe ukingo wa nyuma, kisha shusha rula kutoka kwenye ubao mpaka kwenye uso bapa wa habu. Fanya hivyo hivyo kwa rimu yako ya sasa, ikiwa haina tairi au tairi lake halizidi ukingo. Yako itasoma karibu milimita 119. Ile ya W204 itasoma karibu 155. Zimezidi zile za hesabu yetu kwa sababu rula inapima pamoja na unene wa ukingo wa rimu, ambao upana wa inchi hauuhesabu. Lakini unaona, zile 36 zimejitokeza bila kalamu. Kipimo hiki hakidanganywi hata kama maandishi ya nyuma yamefutika au rimu ni ya kuiga.

Halafu njoo kwenye gari. Liegeshe mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu mengine. Toa gurudumu la mbele, weka stendi chini ya gari, kisha weka jeki chini ya mkono wa chini wa sasipensheni uuinue mpaka ukae kama gari likiwa limesimama chini. Bila hatua hiyo unapima sasipensheni iliyoning'inia, na namba zote zitakuwa za uongo. Bandika mabonge ya udongo mahali ambapo tairi linakaribia: kwenye mkono wa juu, karibu na hosi ya breki, kwenye chuma cha stebilaiza, na ndani ya madigadi. Yafanye manene, milimita 40 hivi. Rudisha gurudumu lako la sasa, kaza bolti mbili tatu, mwombe mtu akate usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, wewe ukizungusha tairi. Toa gurudumu, choma udongo kwa njiti ya kiberiti pale ulipobonyea zaidi, upime kina kilichobaki. Hiyo ndiyo nafasi uliyonayo. Kutoka humo toa milimita ambazo rimu mpya itaongeza, na zile ambazo tairi jipya linalizidi la sasa kwa unene upande huo. Mimi sishuki chini ya milimita 10 kati ya tairi na kitu kisichotembea nalo, wala chini ya 5 kwa kile kinachotembea nalo.

Nyuma fanya vivyo hivyo, ila huko adui mkubwa ni ukingo wa fenda. Inua sasipensheni na jeki mpaka itakapokaribia kugota, upime kutoka ubavu wa tairi mpaka ukingo. Nimekuta magari ambayo kushoto yana milimita 8 zaidi ya kulia, kwa hiyo pima pande zote mbili.

Kuna jambo moja ambalo ET haikuambii: kama mikono ya rimu itapita mbele ya kalipa ya breki, kile kifaa kinachobana diski. Rimu mbili za ET moja zinaweza kuwa na mikono iliyopinda tofauti. Hilo huna njia isipokuwa kuivalisha rimu tupu, bila tairi, na kuizungusha kwa mkono.

Ukipata rimu za kampuni nyingine, tundu la katikati mara nyingi ni pana kuliko 66.6. Hapo utahitaji pete za kujazia nafasi, na ningependa za aluminiamu kuliko za plastiki, kwa sababu za plastiki hulegezwa na joto la breki. Angalia pia mgongoni uzito ambao rimu imeandikiwa, na uigonge taratibu kwa mpini wa bisibisi ikiwa imening'inizwa. Rimu nzima inalia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Siku ya kufunga, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Kutu ya unene wa karatasi inatosha kuifanya rimu itikisike kwenye mwendo. Bolti ziendane na rimu: za rimu ya chuma ni fupi, za aloi ni ndefu, na ukichanganya unapata moja kati ya mabaya mawili. Zikiwa fupi, uzi hauingii vya kutosha. Hesabu mizunguko kwa mkono kuanzia uzi unapokamata mpaka bolti inapokaa, na isipungue 8, yaani milimita 12 za uzi. Zikiwa ndefu mno, kwa nyuma zinaweza kufika kwenye viatu vya breki ya mkono vilivyomo ndani ya diski. Kwa hiyo baada ya kukaza, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono usikilize kama kuna kinachokwaruza. Usipake grisi kwenye vichwa vya bolti. Kaza kwa mkatisho, mara ya mwisho kwa spana ya torki, Nm 110, gari likiwa limegusa chini. Tembea kama kilomita 50, lipoe, kisha kaza tena kwa kipimo kile kile.

Ukiwa umeshapima, niandikie namba nne: kina cha mgongo wa rimu unayoitaka, upana wake, nafasi ya ndani mbele usukani ukiwa mwisho, na nafasi ya fenda ya nyuma sasipensheni ikiwa juu. Nikiwa nazo hizo nitakujibu ndiyo au hapana, na kama ni hapana nitakwambia imezidi milimita ngapi na upande upi.